Nyasi za Plastiki Uani Kwangu

Jumanne, tarehe 4 Agosti

Sijakaa chini tangu asubuhi. Mkwe amenunua bwawa. Bwawa! La plastiki, la bluu, lina ngazi kabisa. Mkwe ni mama wa mke wa mwanangu, na hapa nasema hivyo tu, mengine yatajisema yenyewe. Mwanangu ndiye aliyenipigia simu. Kajifanya ananijulia hali, kauliza miguu, kauliza kuku, mwisho ndiyo kalitema: watoto wanafunga shule wiki ijayo, na huenda wakaenda likizo kwa bibi yao wa upande wa mama. Tena! Nikamuuliza huenda au wanaenda? Akakohoa. Huyu nimemzaa mwenyewe, kikohozi chake nakijua.

Likizo iliyopita walikwenda huko huko, kwa sababu ya bembea. Nyumba ikawa kimya mpaka nikawa nagombana na redio. Na wajukuu wenyewe ni wawili tu, si kwamba nina kundi la kugawa. Mkubwa ni msichana, tunamwita Kipa, kwa sababu anadaka kila kinachorushwa, hata sahani. Ndiye aliyenifundisha kusoma na kuandika, kwenye meza ya jikoni, huku akinigonga vidole kwa rula. Mdogo tunamwita Swali. Ukikaa naye muda wa kunywa chai utajua kwa nini.

Nimesimama mlangoni nikautazama ua wangu. Una nini? Kuku. Kamba ya nguo. Na pikapu ya Mzee wangu, ambayo haijawaka tangu Swali hajazaliwa, kuku wanatagia kwenye kiti cha abiria. Hakuna mtoto wa kuacha bwawa aje kutazama hayo.

Lazima nifanye kitu. Sijui nini. Kikubwa lakini.

Jumatano, tarehe 5

Nimeshajua nini! Nilipokuwa naenda sokoni nimepita nyuma ya ile hoteli mpya. Wana kiwanja kidogo cha mpira, nyasi kijani kama zimepakwa rangi, hakuna hata moja iliyokauka. Nikavua ndala nikakanyaga. Plastiki! Laini kama zulia la bwana mkubwa. Mlinzi akaja kunifukuza. Nikamwambia siondoki mpaka aniambie aliyeziweka. Akanipa namba ya fundi apumzike.

Fundi kaja jioni hiyo hiyo. Kijana mrefu, anapima kila kitu kwa futi, hata mimi kanipima kwa kuwa nilikuwa nimesimama njiani. Nikamwambia nataka uwanja: magoli mawili, mistari, nyavu, uwe tayari kabla watoto hawajafunga shule. Akasema Mama, kazi hii haikimbizwi. Nikamwambia mwanangu, mimi sikukimbizi, nakufuata kwa karibu tu.

Akaangalia ua, akaangalia pikapu, akasema hilo gari liondoke. Mzee alikuwa amesimama pale. Akaingia ndani.

Ijumaa, tarehe 7

Pikapu imekwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Mzee aliomba kimoja tu, kiti cha dereva. Kakiweka ukutani uani, kakaa, kafunga mkanda. Nimemwonea huruma, nikampelekea mkate niliopaka siagi pande zote mbili. Kala. Bado kanuna.

Fundi na watu wake wamechimba. Wametoa udongo, wameleta kokoto, juu ya kokoto wamemwaga vumbi la mawe, juu ya vumbi wamepitisha mashine ya kushindilia. Ile mashine si ya kuletwa kwenye nyumba za watu! Kabati la vyombo limetembea lenyewe hadi mlangoni. Jirani, yule fundi cherehani, kapiga kelele ukutani kwamba sindano yake inashona njia inayotaka yenyewe. Nikamwambia anivumilie, natafuta wajukuu. Akasema mbona wake anao na hajachimba kitu? Nikamwambia wako wanakuja bila kuitwa, shukuru. Baadaye kaniletea ndizi. Ana mdomo lakini ana moyo.

Nimempigia mwanangu, nimemwambia awaambie watoto bibi yao ana kitu. Kitu gani? Kitu! Haikupita muda Swali kapiga kwa simu ya mama yake. Bibi, ni kitu gani? Kinakula? Kina miguu? Kinaogopa maji? Nikamwambia mume wangu, njoo ujionee. Kisha Kipa akachukua simu. Bibi, akasema, lakini kule kwa Bibi mwingine kuna bwawa. Basi, hivyo tu. Nikakata simu kabla sijasema neno la kujutia.

Jumamosi, tarehe 8

Nyasi zimefika! Zimekunjwa kama majora ya kitambaa, watu wanne kubeba jora moja. Wamezitandaza, wamezikata kwa kisu, wameziunga kwa gundi. Mistari myeupe wameipachika kipande kwa kipande. Nimesimamia kila kitu. Fundi kaniomba niende nikapumzike. Nikamwambia nitapumzika nikifa. Akasema basi, Mama, angalau ushuke kwenye gundi.

Kuku wamejipanga pembeni. Wanakwaruza, hawapati mdudu, wananitazama mimi.

Jioni nimevaa nikaenda kwa Mkwe kumjulia hali, yaani kumtambia. Fundi alikuwa ananieleza jambo fulani la kumalizia. Sikumsikiliza, nilikuwa natafuta kiatu cha pili. Nikamwambia malizia, malizia, wewe si ndiye fundi!

Bwawa la Mkwe lipo kweli. Limeinama upande mmoja kama mtu mwenye kitambi. Nikalisifu. Nikasema zuri sana, mkwe, ila watoto na mafua ni majirani. Akasema kwa upole wake ule wa kunikera: karibu nawe uoge, mkwe wangu. Nikamwambia nimekuja na gauni moja. Kisha nikamwambia kwangu nimeweka uwanja. Akaweka kikombe chini. Uwanja wa nini? Wa mpira, nikasema, nyasi zake hazinywi maji wala hazikatwi. Nimerudi nyumbani nikitembea kama bibi harusi.

Jumapili, tarehe 9

Aibu! Nimeamka alfajiri kama kawaida, nikachukua ufagio. Tangu niolewe jua halijawahi kunikuta na ua mchafu. Nikatoka. Nini kile? Uwanja wangu mpya umejaa mchanga! Mchanga kila pahali, umeingia katikati ya nyasi mpaka chini. Mafundi hawa! Wanachukua fedha ya mtu mzima halafu wanamwachia takataka za ujenzi kwenye zulia jipya.

Nikafagia. Hautoki! Nikachukua ufagio mgumu. Nikachukua brashi ya sakafu, nikapiga magoti. Nikautoa wote, punje kwa punje, nikaujaza kwenye karai, nikaumwaga kwenye lile shimo la barabarani mbele ya nyumba. Angalau watu wa magari waseme asante. Uwanja ukabaki safi kama sahani ya mgeni. Mgongo wangu umekwisha.

Mzee alikuwa kwenye kiti chake cha pikapu, anakunywa chai, ananitazama. Nikamuuliza unaona uchafu wa watu? Akasema anaona.

Jumatatu, tarehe 10

Nilikwenda sokoni kununua mpira. Niliporudi Mzee akaniambia fundi kaja, katazama uwanja, kashika kichwa. Kasema mchanga umeibiwa. Kaleta mwingine, kamaliza, kaondoka.

Mchanga umeibiwa! Kwangu! Nani anaiba mchanga? Lazima ni ile mifuko waliyoiweka karibu na geti. Sijala vizuri. Nimezunguka nyumba kuangalia nyayo. Nimekuta za kuku na zangu.

Jumanne, tarehe 11

Mwizi kapita tena! Alfajiri natoka na ufagio, mchanga umetapakaa uwanja mzima. Nikaelewa papo hapo. Anabeba mifuko, anakatiza juu ya uwanja wangu, na mifuko inavuja! Mwizi, tena mchafu. Nikafagia upya, kazi ile ile, magoti yale yale. Shimo la barabarani limejaa sasa, dereva mmoja kanipungia mkono.

Mchana fundi kaleta mchanga wa tatu. Alikuwa kama anataka kulia. Akaanza kunieleza, nikamkatiza. Nikamwambia mwanangu, najua yote, niachie mimi. Nikampa chai, nikampa mayai mawili ya kuchemsha, akala kwa huzuni.

Nimemweka Mzee kuwa mlinzi. Nikamwambia akae kwenye kiti chake tangu alfajiri, amwangalie mwizi, asipepese. Akauliza amfanye nini akimwona. Nikasema usimfanye kitu, mtazame tu umjue. Akasema hiyo anaiweza.

Jumatano, tarehe 12

Mchanga tena! Nimefagia kwa hasira. Nikamuuliza Mzee, umemwona mwizi? Akasema hajaona mwizi. Nikamwambia umezeeka macho.

Kisha nikasimama katikati ya uwanja na brashi mkononi, na akili ikaniambia. Bwawa! Bwawa la Mkwe limeinama. Kitu kilichoinama husawazishwa kwa nini? Kwa mchanga! Nikampigia. Nikamuuliza hali, nikamuuliza kifua, kisha nikauliza kama vile nimekumbuka tu: mkwe, lile bwawa bado limeinama? Akasema aa, mkwe wangu, tumeshalinyoosha, tumetia mchanga chini. Nikakata simu. Mikono inaniwasha!

Nikampigia mwanangu, nikamwambia mama mkwe wako ni mwizi. Akasema Mama, mwizi wa nini? Wa mchanga. Akasema Mama, mchanga? Kumbe simu ilikuwa kwenye spika. Mke wake akasikia. Huyu msichana nampenda, sijawahi kumsikia akipandisha sauti. Leo kaipandisha. Kasema kama mama yake anaitwa mwizi kwangu, watoto hawatakanyaga kwangu, si likizo hii wala nyingine.

Nimekaa jikoni. Nimesimama. Nimekaa. Mpira mpya uko juu ya meza, bado una harufu ya duka. Nimeingia uani nikaupiga golini mara moja. Nyavu zimetikisika vizuri sana, na hakuna aliyeona.

Alhamisi, tarehe 13

Fundi jana alikuja na mchanga wa nne, akasema leo atadamka mwenyewe amkamate mwizi. Kumbe alijificha nyuma ya ukuta wa jirani. Mimi sijui. Nimetoka na ufagio wangu, nimekuta mchanga, nimetukana kidogo, nimeanza kufagia. Nikasikia mtu anapiga yowe kama kaungua. Fundi kapanda ukuta kwa hatua moja. Mama! Mama, acha! Ni wewe!

Mimi nini?

Akapiga magoti. Akanieleza taratibu, kama anazungumza na mtu aliyetoka usingizini. Mchanga huo ndio unaosimamisha nyasi. Ndio unaolikandamiza zulia lisicheze. Unamwagwa makusudi, unapigwa brashi uzame. Bila mchanga nyasi zinalala na zulia linajikunja. Nikamuuliza mbona hukuniambia? Akasema nilikuambia, Mama, ulikuwa unatafuta kiatu.

Nikamgeukia Mzee. Nilikuweka ulinde! Akasema nimelinda. Uliniambia nimwangalie mwizi, mwizi sikumwona, nilikuona wewe tu. Nikamwambia siku zote hizi unaniona natambaa kwa magoti, unanyamaza? Akanywa chai kwanza. Kisha akasema, uliuza gari langu.

Nilitaka kukasirika. Kicheko kikanishika nikashindwa kusimama, yeye akacheka mpaka mkanda ukambana, fundi akatuangalia kama watu wa kupelekwa hospitali.

Kicheko kilipokwisha nikakumbuka. Mkwe nimemwita mwizi.

Ijumaa, tarehe 14

Fundi kamwaga mchanga wa tano. Kanitaka niape. Nimeapa. Hakuniamini, kachukua fagio zangu zote kaondoka nazo kwenye gari lake. Kijana mzuri lakini hana adabu.

Simu ya kumpigia Mkwe nimeishika asubuhi nzima kama kiazi cha moto. Mwisho nikapiga, nikasema haraka haraka kabla ulimi haujakataa. Mkwe, nisamehe, nilikuita mwizi, mwizi ni mimi, nimefagia uwanja wangu mwenyewe mpaka ukaisha. Kikaanza kicheko, hiki si cha upole hata kidogo, ni cha kupiga mapaja. Katoa machozi. Kaomba nirudie tangu mwanzo. Nimerudia! Kawaita watoto wa dada yake wasikie, nimerudia tena!

Alipopata pumzi akasema atazungumza na binti yake. Kesho atawaleta watoto yeye mwenyewe, watalala kwangu siku moja, naye alale auone huo uwanja. Bwawa wameshaliona. Jumapili watoto wachague wenyewe wanataka kukaa wapi likizo, na asiyechaguliwa asinune. Nikasema mimi? Kununa? Nimefua mashuka yote. Hata yaliyokuwa safi.

Jumamosi, tarehe 15

Wamefika! Kipa karefuka. Swali meno mawili hayapo. Mkwe kashuka na zawadi ndefu imefungwa utepe mwekundu. Nikafungua mbele ya watu. Ufagio! Mpya! Akasema mkwe wangu, nimesikia zako zimekamatwa. Wamecheka wote, hata Mzee, tena Mzee ndiye wa mwisho kunyamaza.

Kipa kauzunguka uwanja mzima, kazibonyeza nyasi kwa kidole. Kisha akaniambia nipige mpira. Nikapiga kwa ndala, ndala ikaenda golini pamoja na mpira. Akaruka, akadaka vyote viwili, akaanguka ubavu mzima. Akainuka, akatazama goti. Bibi, hainichubui! Nikamwambia mke mwenzangu, ruka mpaka kesho.

Swali kalala kifudifudi. Bibi, hizi zinalala saa ngapi? Zikikatwa zinaumia? Kuku wanajua kuwa wamedanganywa? Nikamwambia aniulizie kuku.

Mkwe kavua viatu, kaingia uwanjani jua la saa saba, katoka akirukaruka. Joto! akasema. Nikamwambia pole, kwa sauti ya pole kabisa. Lakini Kipa kasikia, akasema kule kwenye bwawa hakuna joto. Nikakimbilia mpira wa maji wa bustani, nikawamwagia wote uwanjani, watoto, Mkwe, na Mzee na mkanda wake. Wakapiga kelele za furaha. Basi na mimi nina bwawa!

Nimewalaza chumba cha mbele. Kipa kanisikiliza nikisoma gazeti ukurasa mzima. Kanikosoa neno moja tu. Sikumwambia kuwa nimekuwa nikilifanyia mazoezi gazeti hilo hilo.

Jumapili, tarehe 16

Nimeamka alfajiri. Mikono inanichoma. Nikajilaza. Nimeapa, nimeapa, nimeapa. Nikageukia ukuta. Nikasikia uani: shwaa, shwaa, shwaa.

Nikatoka na gauni la kulalia. Mkwe! Kajifunga kanga kiunoni, kashika ufagio wa utepe mwekundu, anafagia uwanja wangu! Nusu nzima keshaimaliza, mchanga wote umekaa rundo karibu na goli. Nikamwambia mkwe, unafanya nini, na hadithi yote nilikuhadithia! Akasema anajua, lakini hawezi kulala nyumba ya watu akaamka asifagie ua, mama yake angefufuka. Na eti anatoa ule wa juu tu.

Ningemsamehe. Kweli ningemsamehe. Lakini akanyoosha ufagio akasema, naona ile kona wewe ulikuwa huifikii vizuri.

Kona! Mimi! Fundi aliondoka na fagio, brashi ya sakafu aliisahau. Nikaichukua. Nikaanzia goli la pili. Yeye akaongeza kasi. Mimi nikaongeza. Tunahema tu. Mzee akavuta kiti chake hadi kwenye mstari wa kati. Watoto wakaamka wakatoka mbio. Swali anauliza nani anashinda, nani anashinda, kwa nini mnalia? Hatulii, ni vumbi! Kipa kajifanya mwamuzi, anapuliza kwa vidole, kaniadhibu kwa kumkanyaga mwenzangu. Jirani kapanda kwenye kiti chake cha cherehani anachungulia ukutani, anashangilia upande wowote ulio mbele.

Tulikutana katikati. Nilifika kwanza. Yeye anasema alifika yeye. Zulia likajikunja chini yetu, tukaanguka wote wawili kama mizigo. Hata sisi hatukuchubuka!

Watoto wakaenda kushauriana nyuma ya goli. Nilishindwa kutazama. Nikajifanya naokota mchanga. Kipa akarudi akasimama kama hakimu. Likizo watakaa hapa, akasema. Nikapiga kigelegele hadi kuku wakapanda ukuta. Hajamaliza, akasema. Watakaa hapa, lakini na Bibi mwingine abaki hapa hapa. Hawataki mmoja mmoja. Eti mmoja mmoja sisi hatufurahishi.

Mkwe akasema nguo nyingine zake zitaletwa kesho. Likizo nzima!

Jumatatu, tarehe 17

Fundi kaja na mchanga. Hakutusalimu. Kaushusha chini, kaumwaga, kaupiga brashi, kasema huu ndio wa mwisho, tukiutoa na huu atabadilisha namba ya simu. Ametuapisha wote wawili, mikono juu, watoto wakiwa mashahidi. Ufagio wa utepe kaondoka nao.

Nyumba imejaa kelele. Kipa anadaka, Swali anauliza, Mzee anasimulia pikapu kwa mtu ambaye hajawahi kuisikia. Sijawahi kupika sufuria kubwa hivi mwaka huu. Na uwanja umesimama, nyasi wima, kama siku ile ya hoteli. Sitaugusa. Mtu mzima anajifunza mara moja.

Ila Mkwe kaapa haraka mno. Nimemwona. Na wakati tunaosha vyombo kaniuliza, kwa upole wake ule, mkwe wangu, kwa kawaida huwa unaamka saa ngapi? Nikamwambia jua likishapanda.

Nimemdanganya. Brashi ya sakafu ninayo kitandani, upande wangu. Sifagii, nimeapa. Nataka tu akitoka anikute nimeshamaliza.